Cheti cha Mwaka 1979

Sebuleni kwangu kuna cheti kimoja kilichotiwa fremu ya mbao. Kimeandikwa mwaka 1979, na wino wa mhuri wake sasa umefifia. Siku niliyokitundika ukutani nilidhani nimemaliza kusoma. Nilikuwa kijana, nimefaulu masomo ya maabara, nimepangiwa kazi katika hospitali moja ya mkoa, na mama yangu aliwatangazia majirani kwamba mwanawe sasa ni daktari. Sikuwa daktari, lakini sikumkosoa.

Nilifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliipitisha katika chumba kidogo chenye jokofu moja, ambacho sote tulikiita benki ya damu. Ni katika chumba hicho nilipojifunza, kwa njia ambayo nisingemwombea mtu yeyote, kwamba cheti kile hakikunitosha.

Kwanza nieleze jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa. Mgonjwa akihitaji damu, ndugu zake waliitwa. Waliokubali tuliwapima kundi, tukawatoa damu, kisha tukachanganya tone la damu ya mchangiaji na tone la majimaji ya damu ya mgonjwa juu ya kigae cheupe. Tulikitikisa kigae taratibu na kutazama. Damu ikibaki laini, inapatana. Ikifanya vibonge vibonge, haipatani. Mfuko uliopatana tuliubandika plasta, tukaandika jina la mgonjwa kwa kalamu, tukauweka kwenye jokofu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofanya mwaka baada ya mwaka bila kujiuliza kama duniani kuna aliyepata njia bora zaidi.

Ningejiuliza, ningegundua kwamba elimu ya damu haijapata kusimama mahali pamoja. Karl Landsteiner alipoeleza makundi ya damu huko Vienna mwaka 1901, alieleza matatu tu; la nne, lile tunaloliita AB, lilielezwa na wenzake mwaka uliofuata. Mwaka 1907, huko New York, Reuben Ottenberg alianza kupima damu ya mchangiaji na ya mgonjwa kabla ya kumwongezea mgonjwa damu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza madaktari walijua tayari kutumia sitrati kuzuia damu isigande, na hapo ndipo ikawezekana kuihifadhi badala ya kuihamisha papo kwa papo kutoka mshipa hadi mshipa. Mwaka 1937 Bernard Fantus alifungua huduma ya kuhifadhi damu katika hospitali ya Cook County, Chicago, akaiita benki ya damu. Jina hilo ndilo lililotufikia hadi sisi.

Sasa fikiria, msomaji, fundi hodari wa damu wa mwaka 1939. Alijua yote niliyoyataja. Lakini mwaka 1940 Landsteiner na Alexander Wiener walitangaza habari ya Rh, na ghafla ikaonekana kwamba damu ambayo fundi yule aliipitisha kwa moyo mweupe ingeweza kumletea mama madhara ambayo yangeonekana katika mimba ya baadaye. Mwaka 1945 Robin Coombs na wenzake wa Uingereza walitoa kipimo cha kugundua kingamwili ambazo kigae hakiwezi kuzionyesha. Fundi wa mwaka 1939 hakuwa mjinga, wala hakuwa mvivu. Alikuwa amesoma mapema tu. Asiporudi kusoma, mikono yake ile ile iliyosifiwa jana inakuwa ya hatari leo, na yeye mwenyewe hana habari.

Kwetu sisi somo kubwa lilikuja na UKIMWI. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Mwaka 1985 kipimo cha kingamwili za virusi kikaanza kutumika Marekani, na baada ya muda kikafika hadi kwetu. Tulionyeshwa namna ya kukitumia kwa siku moja: weka hiki, subiri, tazama rangi. Hatukuelezwa kwa kina kwamba mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kupimwa akaonekana salama, kwa kuwa mwili wake bado haujatengeneza kingamwili. Kwa hiyo hatukuona umuhimu wa kumhoji mchangiaji kabla ya kumchoma sindano. Mtambo tuliupewa, sababu hatukupewa.

Nafika sasa kwenye usiku wenyewe. Ulikuwa mwaka 1991, msimu wa mvua, na zamu ilikuwa yangu. Mchana wa siku ile nilikuwa nimepima na kuweka kwenye jokofu mfuko wa damu ya kundi A kwa ajili ya mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji. Mnamo saa sita usiku alikuja mhudumu anakimbia: mama wa wodi ya wazazi amejifungua, anatoka damu nyingi, daktari anataka damu yake upesi. Akataja jina. Lilikuwa jina la kawaida sana kwetu, ambalo ukiliita sokoni watageuka wanawake kumi. Nikafungua jokofu, nikaliona jina lile lile kwenye plasta, la kwanza na la baba. Nikampa mfuko. Sikuuliza namba ya jalada. Sikuangalia fomu. Katika miaka kumi na miwili ya kazi hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba jina peke yake halitoshi.

Zamu ya wodi ile alikuwa nayo muuguzi mmoja, kijana kuliko mimi. Wiki mbili kabla alikuwa amerejea kutoka semina ya siku tano katika mji mwingine. Nilikuwa nimemtania mbele ya wenzake: "Sista, umekwenda kula posho." Alicheka tu, hakunijibu. Usiku ule, baada ya kuufungulia mfuko, hakuondoka kwenda kwa wagonjwa wengine kama ilivyokuwa desturi. Alivuta kiti, akakaa kando ya kitanda akihesabu mapigo ya moyo, kwa kuwa semina ilimfundisha kwamba dakika kumi na tano za mwanzo ndizo zinazosema ukweli. Hazikutimia kumi, mama yule akaanza kutetemeka na kulalamika kwamba mgongo unamkatika. Muuguzi akaifunga damu pale pale, akabadilisha mpira, akatundika maji ya chumvi, akamwita daktari. Kisha akaniletea mfuko mwenyewe, pamoja na damu mpya ya mgonjwa katika kichupa.

"Dokta," akaniambia, "hebu mpime huyu mama upya."

Nikapima. Alikuwa kundi O. Nikarudia, nikitumaini macho yamenidanganya. O. Walikuwa wanawake wawili wenye jina moja, katika hospitali moja, usiku mmoja.

Mama yule alipona. Alikaa nasi siku nyingi, mkojo wake ukiwa mweusi kama chai ya rangi, kisha ukatakata polepole, naye akatoka na mtoto wake mgongoni. Namshukuru Mungu kwa hilo kila nikikumbuka. Lakini liko jambo la pili ambalo halijaniacha. Mumewe alipouliza kilichompata mkewe, aliambiwa, "Damu imemkataa." Nilikuwepo. Nilisikia maneno hayo, nikanyamaza. Kila mtu wa kwetu anayaelewa maneno hayo: damu zimekataana, ni mapenzi ya Mungu, hakuna wa kulaumiwa. Mwanamume yule alitushukuru, akatushika mikono sote.

Katika daftari la maabara niliandika mstari mmoja usioeleza chochote. Hakukuwa na kikao, hakukuwa na barua. Wakati ule niliona nimenusurika. Leo naona kwamba siku ile tulitupa somo ambalo lilikuwa limelipiwa kwa mwili wa mtu. Mwenzangu aliyeshika zamu kesho yake aliendelea kuandika jina tupu kwenye plasta, kwa sababu hakujua, nami sikumwambia. Ilinichukua miezi kadhaa kupata ujasiri wa kusema naye. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Hospitali inayoficha kosa lake haizai ujuzi.

Miaka michache baadaye nilipata habari iliyonishangaza. Mwaka 1996 Uingereza ilianzisha utaratibu wa kukusanya taarifa za ajali za kuongezewa damu kutoka hospitali mbalimbali, kwa siri, bila kutaja majina ya watu, na kuzichapisha ili wengine wajifunze. Zilipokusanywa, ikaonekana kwamba fungu kubwa la taarifa halikuwa la magonjwa yaliyojificha ndani ya damu. Lilikuwa la damu kumfikia mtu asiyekusudiwa: jina limekosewa, kichupa kimebandikwa karatasi mbali na kitanda, mtu amechukua mfuko wa jirani kwenye jokofu. Nilisoma nikakaa kimya. Nchi yenye mitambo yote ile ilikuwa inakosea kosa langu. Tofauti ni kwamba wao waliliandika.

Tangu hapo nikaanza kuyatazama mafunzo kazini kwa jicho jingine, na kasoro zake nikaziona pia. Barua ya semina ikija, inafika mezani kwa mkubwa, na mara nyingi mkubwa ndiye anayefunga mkoba. Anarudi na kabrasha zuri ambalo linaingia kabatini. Semina inakwenda kwa mwenye ofisi, usiku unabaki kwa mwenye zamu. Tena hata mkubwa akiwa na nia njema, maabara yenye watu wawili haiwezi kumtoa mmoja kwa miezi mitatu. Atakayebaki atalala lini?

Ndiyo maana nilifurahi miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilipotoa vitabu vya kujisomea kwa masafa kuhusu damu salama. Kimoja kilihusu uchangiaji, kingine upimaji wa virusi na maradhi mengine, kingine makundi ya damu. Mfanyakazi alisoma akiwa kituoni kwake, akafanya mazoezi kwa vifaa alivyokuwa navyo, bila kumwacha mgonjwa. Nakala moja ilitufikia ikiwa imekwisha kunyofoka jalada. Tukakubaliana kukutana kila Jumatano saa nane mchana, sisi wa maabara na wauguzi wawili watatu wa wodi, nusu saa tu. Tulisoma ukurasa, kisha kila mmoja alieleza kilichomwendea vibaya wiki ile. Hapakuwa na posho. Palikuwa na chai, na mara nyingi haikuwa na sukari. Jumatano ya kwanza nilisimama nikasimulia usiku wa mwaka 1991. Yule muuguzi alikuwapo, akatazama chini muda wote. Tulipomaliza tukaandika kanuni kwa mkono na kuibandika kwenye mlango wa jokofu: jina, namba ya jalada, wodi, kundi, na watu wawili wasome kwa sauti kabla mfuko haujatoka.

Nchi nayo ilikuwa inajifunza. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, watu zaidi ya mia mbili walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Wakazi wa Nairobi walipanga foleni kutoa damu kwa watu wasiowajua. Msiba ule ulionyesha kwamba moyo wa kutoa upo, na pia kwamba moyo hautoshi pasipo mikono iliyofundishwa kuipokea damu, kuipima na kuihifadhi. Mwaka 2004 Tanzania ikaanzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na vituo vya kanda vikafuata katika miji kama Dar es Salaam, Mwanza, Moshi na Mbeya. Kazi ya kutafuta wachangiaji wa hiari na kupima UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, ikaanza kupata watu wake maalumu. Mwaka huo huo dunia ikaanza kuadhimisha Siku ya Wachangia Damu kila tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Landsteiner.

Lakini mfuko, hata ukitoka kituo bora namna gani, mwisho wake ni mkono wa mtu mmoja usiku wa manane. Mtu huyo ndiye anayestahili kufundishwa kwanza, na kufundishwa tena.

Mfuko wa damu nzima, ukitiwa dawa inayofaa na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 6, hukaa siku 35. Tarehe yake imeandikwa juu, na ikipita, hakuna mwenye akili atakayemtundikia mgonjwa. Cheti changu hakina tarehe ya namna hiyo. Nilipostaafu, vijana wa maabara waliniuliza kama nina neno la kuwaachia. Niliwaambia kisa cha wanawake wawili wenye jina moja, kama nilivyokusimulia wewe, bila kupunguza lile la "damu imemkataa". Kijana mmoja akaniuliza kama yule mume aliwahi kujua ukweli.

Nilimjibu kwamba hapana, hakujua, na kwamba kosa lile la pili hakuna semina iliyonifundisha kulisahihisha.