Mzaha wa Mtafsiri: Historia ya Sinema za Kutafsiriwa

Sinema za kutafsiriwa ni filamu za kigeni ambazo mtu mmoja huzisemea kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Mizizi yake ni ya enzi za ukoloni. Kati ya 1935 na 1937, Bantu Educational Kinema Experiment, mradi uliokuwa na makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha kwa lori vijijini. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri. Santuri haikuweza kumjibu mtazamaji aliyecheka au kuuliza. Msimulizi aliyeshika kipaza sauti mbele ya watazamaji aliweza.

Uwezo huo ulikuja kustawi zama za kanda za video. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, na vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video zenye mabenchi na jenereta, vilijaza pengo hilo. Dar es Salaam ilimtoa mtafsiri Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, kisha King Rich. Lufufu aliitafsiri hata Titanic ya 1997.

Mtafsiri hodari hafuati maneno tu. Huigiza sauti ya steringi na ya adui, hueleza mila za ugenini, kisha hupenyeza utani ambao mwongozaji hakuuwaza: jina la mtaa, tambo za Simba na Yanga, tabia za madereva. Mzaha wa namna hiyo una wenyewe. Foleni ya malori Tunduma ikitajwa katikati ya filamu ya kareti, mtu wa Ibaba, wilayani Ileje, hucheka papo hapo. Wa mbali huhitaji kuelezwa. Kelele za ukumbini, nazo, humfundisha mtafsiri pa kukazia na pa kunyamaza. Huu ni utunzi kamili, na kuuita uchuuzi wa kanda za wizi, kama ulivyoitwa mara nyingi, ni kuudhulumu, ingawa haki za wenye filamu kweli hazikulindwa.

Kenya ina mtafsiri wake, DJ Afro. Uganda humwita mtafsiri VJ, na hapo ndipo sanaa hii ilipovuka mpaka wake: mwaka 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex?, na toleo lililoenea duniani limebeba sauti ya VJ Emmie. Mizaha yake, ya mtindo uliozaliwa ukumbini, sasa ni sehemu ya filamu yenyewe.