Neno la Kwanza Baada ya Risasi: Polisi, Maelezo na Imani ya Raia nchini Kenya

Msomaji wa magazeti ya Nairobi anaijua habari hii kabla hajaimaliza. Washukiwa watatu wa ujambazi wamekutana na maafisa wa doria, wakaamriwa wajisalimishe, wakakaidi, wakafyatua risasi, maafisa wakajibu. Wote watatu wakafa papo hapo, na bastola moja ya kujitengenezea ikapatikana pamoja na risasi kadhaa. Mtaa hubadilika, leo Kayole, kesho Dandora au Mathare, lakini sarufi ya habari ni ileile. Waliokufa wana silaha na hawana majina. Walioua nao hawana majina.

Sisemi kwamba kila habari ya namna hii ni ya kubuni. Majambazi wapo, na maafisa huuawa wakiwa kazini. Ninachodai ni kidogo zaidi ya hapo, na pengine ni kizito zaidi: sehemu kubwa ya imani ya raia hupotea katika saa chache zinazofuata risasi, wakati polisi wanapoamua ni kisa gani wakisimulie. Mjadala wetu umejikita mno katika swali la lini afisa anaruhusiwa kuua. Swali la nani anaandika mstari wa kwanza kuhusu kifo hicho tumeliacha kwa msemaji wa polisi.

Chukua kisa cha Kinango, kaunti ya Kwale. Usiku mmoja wa Agosti 2014 maafisa walivamia nyumba wakimsaka mwanamume aliyeshukiwa kuua. Aliyekufa ni msichana wa miaka 14, mpwa wa aliyesakwa. Maelezo yaliyotangulia yalikuwa kwamba msichana huyo aliwashambulia kwa panga. Hebu tulitazame panga hilo. Katika lugha ya taarifa za polisi linafanya kazi ileile ya bastola ya kujitengenezea: linamtoa marehemu upande wa raia na kumweka upande wa adui, na afisa aliyepaswa kujieleza anageuka kuwa mtu aliyeponea chupuchupu. Mwili ulizikwa, ukafukuliwa, ukachunguzwa upya. Februari 2016, Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahukumu maafisa wawili kifungo cha miaka saba kwa kuua bila kukusudia. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza iliyotokana na kazi ya Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ambayo ilikuwa imefungua milango tangu 2012. Kama panga lingeaminiwa, faili ingefungwa wiki ileile.

IPOA yenyewe ni mtoto wa msiba. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Katiba ya 2010 na Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 ziliandikwa kumbukumbu hiyo ikiwa bado mbichi. Jedwali la Sita la sheria hiyo, linalohusu matumizi ya nguvu na silaha, linafaa kusomwa na kila raia, kwa kuwa limeenda mbali kuliko tunavyodhani. Afisa atangulize njia zisizo za nguvu. Akitumia silaha na mtu akajeruhiwa, ampatie huduma ya matibabu, awajulishe jamaa zake, aripoti kwa mkuu wake. Na pakitokea kifo au jeraha baya, IPOA ijulishwe. Amri ya mkubwa si kinga kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Afisa mwenye sare avae jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Mwaka 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, tuliona maafisa waliovalia kiraia na kuficha nyuso wakifyatua bunduki katikati ya jiji. Sheria ilikuwa imeweka kanuni ya afisa kutambulika miaka 13 kabla.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wanaotaka sheria mpya kila anapouawa mtu. Tunayo ya kutosha. Kilichokosekana ni nidhamu ya kuandika, na nidhamu hiyo polisi wanayo pale wanapoitaka.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kituo kimoja kuripoti kitambulisho kilichopotea. Afisa wa zamu, mama wa makamo, alivuta kitabu kikubwa chenye jalada gumu, akaweka rula chini ya maneno ya aliyenitangulia na kupiga mstari, kisha akaandika namba, tarehe na saa. Nilimwomba aache nafasi kidogo, huenda ningeikumbuka namba ya kitambulisho. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuvua viatu vyake. “Hapa hatuachi nafasi, kijana wangu. Ukikumbuka utarudi, nitaandika nyingine.” Akanipa namba ya OB, kitabu hicho cha matukio, kwenye kipande cha karatasi, nikatoka. Sikumwelewa siku ile. Leo naona kwamba mama yule alinifundisha kiini cha kitabu cha matukio: namba zinafuatana, saa zinafuatana, na hakuna pengo ambamo kisa kinaweza kuchomekwa baadaye. Kitambulisho changu kililindwa na utaratibu ambao baadhi ya marehemu hawakuupata.

Juni 2025 utaratibu huo ulijaribiwa mbele ya nchi nzima. Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya machapisho yaliyomhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, akasafirishwa mamia ya kilomita hadi Kituo Kikuu cha Polisi jijini Nairobi. Tarehe 8 alikuwa maiti. Taarifa ya polisi ilidai kwamba alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Wanapatholojia walipoufungua mwili walikuta majeraha mengi, dalili za kukabwa shingo, na hali isiyolingana na mtu aliyejiumiza mwenyewe. Inspekta Jenerali alifika mbele ya Seneti, akaomba radhi na kusema kwamba alipotoshwa na walio chini yake. Ikajulikana pia kwamba kamera za kituo zilichezewa. Mwezi huohuo watu sita, akiwamo mkuu wa kituo, walifikishwa mahakamani.

Wengi waliona radhi ile kama hatua mbele, na kwa kiasi fulani ni kweli. Mimi ilinitia wasiwasi zaidi. Mkuu wa polisi anapokiri kwamba alilisomea taifa kisa alichopewa bila kukihakiki, anatuambia jinsi visa vyote vinavyosafiri: kutoka kwa aliyekuwapo, ambaye ana sababu zote za kujilinda, hadi kwenye kipaza sauti, bila kusimamishwa njiani. Ojwang alikuwa na wafuasi mtandaoni, na kifo chake kilitokea kituoni, katikati ya jiji. Vijana wa habari niliyoanza nayo hawana wa kuwasemea mbele ya Seneti.

Ugonjwa huu hauko Kenya peke yake. London, Julai 2005, polisi walimuua Jean Charles de Menezes ndani ya treni katika kituo cha Stockwell, na kwa muda umma uliachwa uamini kwamba alivaa koti la kutilia shaka na kuruka kizuizi cha tiketi. Yote mawili hayakuwa kweli. Minneapolis, Mei 2020, taarifa ya kwanza kuhusu George Floyd ilizungumzia tatizo la kiafya, bila kutaja goti lililokandamiza shingo. Kilichoivunja ni simu ya binti mmoja aliyesimama kando ya barabara.

Kuna pingamizi ambalo wanaharakati hawapendi kulijadili, nami sitalikwepa. Raia wenyewe, mara nyingine, hushangilia. Mwaka 2017 ilisambaa video kutoka Eastleigh ikimwonyesha mwanamume mwenye bastola akimmiminia risasi kijana aliyekuwa tayari amelala chini. Wako wafanyabiashara na wakazi waliosimama hadharani kumtetea mfyatuaji, aliyetajwa kuwa afisa wa polisi. Walikuwa wamechoka kuporwa simu na mauzo ya siku, na walikwisha kuona mshukiwa akikamatwa Jumatatu na kurudi mtaani Alhamisi. Je, hiyo si imani kwa polisi?

Ni imani, ila nadhani si kwa polisi kama taasisi. Ni imani kwa mtu mmoja na bunduki yake, na inatoka moja kwa moja katika kukata tamaa na wengine wote: mpelelezi, kiongozi wa mashtaka, hakimu. Mfanyabiashara yule hamtumi mwanawe akaandikishe taarifa kituoni. Anamtegemea fulani apite. Na fulani akihamishwa, au akimdhania mtoto wa jirani kuwa jambazi, hakuna ofisi ya kwenda kuuliza. Kaulimbiu ya polisi, Utumishi kwa Wote, haina nafasi ya fulani.

Viongozi nao huichochea imani ya aina hiyo. Julai 2025, baada ya maandamano ya Saba Saba, Rais alisema hadharani kwamba anayechoma biashara za watu apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitali, kisha mahakamani. Ilisikika kama huruma. Lakini pajani unapita mshipa mkubwa wa damu, na mtu aliyepasuliwa mshipa huo huweza kufa ndani ya dakika chache. Ndiyo maana mafunzo ya polisi katika nchi nyingi huhesabu kila risasi kuwa ya kuua. Tena ibara ya 245 ya Katiba inamruhusu waziri kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya kisera, kwa maandishi, na inakataza mtu yeyote kumwelekeza jinsi ya kutekeleza sheria dhidi ya mtu mahususi. Agizo la jukwaani si maandishi. Konstebo wa miaka 24 aliyelisikia redioni, hata hivyo, atakwenda nalo kazini kesho yake.

Nifanye pendekezo moja, la kuchosha kidogo. Anapokufa mtu mikononi mwa polisi, taarifa yao ya kwanza iwe na mambo matano tu: mahali, saa, namba ya OB, namba ya silaha iliyotumika, na saa ambayo IPOA ilijulishwa. Sababu, panga, bastola, ukuta wa seli, vyote visubiri mtu asiyelipwa na kituo kile. Mtu huyo angekuwa mchunguzi wa vifo. Sheria ya kuunda huduma yake ilitiwa saini 2017, na miaka kadhaa baadaye ofisi ilikuwa bado haijaanza kazi. Agosti 2017, katika msako wa polisi wa usiku mtaani Nyalenda, Kisumu, mtoto wa miezi sita alipigwa kichwani na kufa siku chache baadaye. Kwa kukosa ofisi hiyo, kazi ilimwangukia hakimu, ambaye mwanzoni mwa 2019 aliwaona makamanda wa operesheni kuwa wa kuwajibika. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha mashtaka Oktoba 2022. Wakati huo mtoto yule angekuwa anajiandaa kuingia gredi ya kwanza.