Kashfa na Wanamageuzi: Kutoka Soko la Nyangwe Hadi Bluff

Kila Desemba tunapokusanyika hapa Durban kuadhimisha Uhuru, baada ya wimbo wa taifa na kabla pilau halijaisha, hakosekani mgeni aliyefika karibuni akatuvuta pembeni: "Sista, hivi ni kweli Chatsworth kuna Wazanzibari?" Ni kweli, wapo Bayview, na wamekuwa watu wa mji huu tangu kabla babu zetu hawajazaliwa. Hawakuja kama sisi, kwa pasi na barua ya ajira. Waliletwa na manowari.

Wa kwanza, watu 113, walishushwa bandarini hapa Agosti 1873 kutoka meli ya Kiingereza iitwayo Briton. Walikuwa watumwa waliokamatwa baharini na kuachiwa huru. Hadi kufika 1880 walikuwa takriban mia tano. Wengi wao asili yao ni Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini jina la Zanzibar ndilo lililowakaa.

Mwaka huu tumeombwa na kamati tuandike jambo la historia, nasi tukaona tulichukue swali la mgeni yule na kulisogeza mbele kidogo. Biashara ya utumwa ilikuwa ikiendelea pwani yetu miaka na miaka. Kwa nini ilikuwa 1873, wala si 1853, ndipo Uingereza ilipoona haiwezi kuvumilia tena? Shuleni tulifundishwa majina ya watu wema: Livingstone, Kirk, Bartle Frere. Lakini katikati ya majina hayo kuna kashfa moja ambayo vitabu vyetu vya shule viliipita mbio.

Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika Maniema ya Kongo ya leo. Ilikuwa siku ya soko. Wanawake walikuwa wamejaa na bidhaa zao. Watu wa misafara ya biashara wakaingia sokoni na bunduki, pakatokea ugomvi wa bei ya kuku, kisha risasi zikaanza. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikabanana, wengi wakajitosa mtoni na kuzama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Tuseme wazi, kwa kuwa tunaandika kwa Kiswahili: misafara ile ilitoka pwani yetu, na lugha yake ilikuwa hii hii.

Livingstone hakuwa na karatasi, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa kujitengenezea. Stanley alipomkuta Ujiji mwishoni mwa mwaka ule alichukua barua zake, na mwaka 1872 habari za Nyangwe zikasomwa Ulaya na Marekani. (Mwaka 2011 wataalamu waliweza kuisoma tena ile shajara iliyofifia, wakaona maelezo ya awali yanatofautiana na yale yaliyochapishwa, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Hata kashfa huwa na mhariri.) Kabla mwaka 1872 haujaisha, serikali ya Uingereza ilikuwa imemtuma Sir Bartle Frere kwenda Zanzibar.

Hapo mtu atasema: basi, ni kashfa iliyofanya kazi. Tungekubali, lakini tarehe zinatukatalia. Mwaka uleule wa 1871, habari za Nyangwe zikiwa hazijafika popote, kamati ya Bunge la Uingereza ilikuwa imekwisha kukaa London kuchunguza utumwa wa Afrika Mashariki. Nyuma yake kulikuwa na mikataba ya 1822 na 1845 iliyopunguza biashara hiyo bila kuikata, na makonsuli wa Zanzibar walioandika ripoti mwaka baada ya mwaka: maelfu wanapita forodhani Unguja, kila kichwa kinalipiwa ushuru. Kilio cha Nyangwe kilipofika kilikuta faili limekwisha funguliwa na mtu anajua aombe nini. Frere alimwendea Sultani Barghash na mkataba mkononi. Barghash, ambaye kimbunga cha 1872 kilikuwa kimemwangushia mikarafuu na kumwangamizia meli, alikataa. Frere akaondoka bila sahihi. Kirk akabaki na tishio la manowari kuizingira Unguja, na tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa sahihi na soko la Mkunazini likafungwa. Livingstone hakuyajua hayo. Alikuwa amefariki Mei mosi.

Jambo hili tuliwahi kuliona wodini kwa macho yetu. Katika hospitali moja tuliyofanyia kazi lifti ya wagonjwa iliharibika. Kwa miezi minane tuliwabeba watu kwa machela ngazini, mama mjamzito mmoja akiwa na uchungu, na kila zamu iliandika taarifa. Siku moja ndugu wa mgonjwa akapiga video kwa simu, ikasambaa, na baada ya siku tatu mafundi wakafika. Wenzetu wengi walisema kalamu zetu hazina thamani, simu ndiyo kila kitu. Lakini fundi alituambia angesubiri wiki kadhaa kuagiza kipuri kama jina lake na bei yake visingekuwa tayari katika barua ya sista mmoja mzee ambaye kila mtu alimwona msumbufu. Lifti iliharibika tena baada ya muda. Safari hiyo hakuna aliyepiga video.

Tuliposomea shahada ya uuguzi ughaibuni tulikariri kisa cha Florence Nightingale kwa ajili ya mtihani, tukafaulu bila kukielewa. Mwaka 1854 gazeti la The Times lilichapisha habari za askari waliojeruhiwa katika vita vya Crimea na kukosa huduma. Uingereza ikashtuka, naye akatumwa Scutari. Hiyo ndiyo sehemu ya taa, inayopendwa. Sehemu ya pili ni miaka aliyokaa na takwimu za vifo baada ya vita, akiwachorea wakubwa michoro kuwaonyesha kuwa maradhi ya uchafu yaliua wengi kuliko majeraha. Kufikia hapo magazeti yalikuwa na habari nyingine.

Turudi Unguja, maana hapo ndipo kashfa inapotutia mashaka. Macho yote yalielekea sokoni na baharini, mahali pa minyororo na majahazi. Mtumwa aliyekuwa tayari shambani Pemba akichuma karafuu hakuwa habari. Mkataba wa 1873 haukumgusa. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria Zanzibar mpaka 1897, masuria wakaachwa nje mpaka 1909, na Tanganyika ikangoja hadi 1922. Kwa hesabu hiyo, kati ya kufungwa kwa Mkunazini na sheria ya Tanganyika ilipita karibu miaka hamsini, muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kuzeeka na kuzikwa.

Na wale waliookolewa je? Natal ilikuwa na njaa ya vibarua, kwa hiyo "huru" wetu walipofika Durban waligawiwa kwa waajiri kwa mkataba wa miaka mitano. Hakuna gazeti la London lililofuata manowari mpaka huku kuuliza wanakula nini. Waliojishughulisha nao ni watu wa karibu, wasio na makelele: Waislamu wa Durban ambao mwishoni mwa karne ile walipata ardhi King's Rest, pale Bluff, na kuiweka wakfu kwa ajili yao, na Wakatoliki waliokuwa na misheni hukohuko Bluff. Wakakaa, wakazikana, wakafundisha watoto madrasa. Miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi, iliyoshindwa kuamua ni watu gani, ikawaandika kuwa "Waasia wengine" na kuwahamishia Chatsworth. Wamakua, Waasia! Nalo halikuwa kashfa kwa mtu yeyote ila wao.

Tusidhani ni mambo ya zamani tu. Desemba 1998, hapa KwaMashu, Gugu Dlamini alitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, na kundi la watu likampiga hadi akafa. Mwezi huohuo, tarehe 10, Cape Town lilikuwa limeanzishwa shirika la Treatment Action Campaign. Kifo chake ndicho kilichowavika wanaharakati zile fulana zenye maandishi makubwa "HIV POSITIVE", na Julai 2000, mkutano wa dunia wa UKIMWI ulipofanyika Durban, maelfu waliandamana mjini kudai dawa. Mtoto Nkosi Johnson, mwenye miaka 11, alihutubia ufunguzi, akafariki mwaka uliofuata. Lakini nevirapine haikuletwa na machozi ya siku ile. Ililetwa na kesi iliyopangwa karatasi kwa karatasi, yenye ushahidi wa madaktari na wauguzi, mpaka Mahakama ya Katiba ikaamuru Julai 2002 kwamba serikali isiwanyime akina mama. Sisi tulioingia wodi za uzazi baadaye tulikuta dawa ipo kabatini, kama vile ilikuwapo siku zote.

Tukilazimishwa kuchagua, sisi tuko upande wa sista wa lifti. Kashfa inaweza kutokea leo jioni bila kumwomba mtu ruhusa, ila barua yenye jina la kipuri haijiandiki. Tunajua pia kwamba bila ile video barua yake ingekuwa kabatini mpaka leo, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia hivyo, akicheka, siku ya kustaafu kwake.

Anayetaka kuwaona Wazanzibari, teksi za Chatsworth zinaondokea mjini. Ashuke Bayview aulizie. Asianze na swali la utumwa. Aanze na salamu.