Angalia Kulia Kwanza

Mwaka jana kijana mmoja wa timu yetu ya mpira aligongwa na pikipiki kwenye ile barabara ya lami inayopita Kakuma kwenda Lokichoggio. Alikuwa na miezi miwili tu kambini, ametoka Burundi. Mguu ulivunjika chini ya goti. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua kama kumi, nimebeba mipira, na niliona kila kitu. Alisimama ukingoni kama mtu aliyefundishwa vizuri kwao. Akaangalia kushoto, akaona hakuna kitu, akaingia barabarani. Boda ilitoka kulia.

Kabla hatujapata hata gari la kumpeleka hospitali, watu walikuwa wameshagawanyika. Watu wa boda wakasema, "Hawa wageni hawajui barabara, wanatembea kama wako shambani." Watu wetu wakajibu, "Nyinyi mnaendesha kama walevi, mnabeba watu wanne kwa kiti kimoja." Wengine walitaka kumpiga dereva. Dereva mwenyewe, kijana wa rika langu, alikuwa amekaa chini anatetemeka, anarudia maneno yale yale: "Hakuniangalia. Hakuniangalia."

Maneno hayo hayakunitoka kichwani. Ni kweli kijana wetu hakumwangalia. Lakini aliangalia! Aliangalia upande ambao kwao ndiko magari hutokea. Basi nikaanza kuuliza na kusoma: hizi pande mbili zilitoka wapi, mpaka zikaja kutuvunjia mguu huku Turkana?

Mimi mwenyewe nilizaliwa Uvira, Kongo, ambako magari hupita kulia. Tulipokimbia nilikuwa na miaka tisa. Tulipita Burundi, tukapita Rwanda, tukaingia Uganda kwa basi usiku. Tulipovuka mpaka wa Gatuna, mama alishtuka usingizini, akachungulia kioo cha mbele, akapiga kelele: "Yesu wangu! Dereva amekamata njia ya wengine!" Basi zima likacheka. Mzee mmoja akamwambia, "Mama, tulia. Huku ndiyo njia yao." Hakuna aliyetueleza zaidi ya hapo. Miezi ya kwanza hapa Kakuma niligongwa na baiskeli mara mbili, na mara zote mbili nilimtukana mwenye baiskeli. Nilidhani watu wa huku hawana adabu.

Kumbe njia yao na njia yetu hazikuchaguliwa na babu zetu. Uingereza iliweka kupita kushoto katika sheria ya mwaka 1835, wakati wa magari ya farasi, na baadaye ikaleta desturi hiyo kwenye makoloni yake kama Kenya na Uganda. Ubelgiji hupita kulia, na Kongo ikafuata Ubelgiji. Burundi na Rwanda ndizo zinazoonyesha jambo hili wazi zaidi. Zamani zilikuwa koloni moja na Tanganyika, chini ya Wajerumani. Wajerumani waliposhindwa katika vita ya kwanza ya dunia, Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, na Ruanda-Urundi ikaenda kwa Wabelgiji. Mpaka leo Mrundi akiingia Tanzania lazima abadilishe upande wa barabara, kwa sababu ya mgawanyo ambao babu yake hakuulizwa.

Majirani wengine nao wana historia yao. Ethiopia ilihamia kulia mwaka 1964. Sudan ilipita kushoto tangu enzi za Waingereza, ikahamia kulia mwaka 1973, na Sudan Kusini ilipopata uhuru Julai 2011 iliendelea hivyo hivyo. Somalia ya kusini ilitawaliwa na Waitaliano na ya kaskazini na Waingereza. Leo kote wanapita kulia. Sasa hesabu majirani zako hapa kambini: Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia, Sudan, Rwanda. Wote kulia! Ukiacha Waganda na wenyeji wetu Waturkana, karibu kila mtu hapa alizaliwa kwenye nchi ambako anayevuka huanza kuangalia kushoto. Tunaitana wajinga kila siku, na shida yetu ni moja.

Zipo nchi zilizobadilisha upande, na inafaa kujua zilifanyaje. Uswidi ilikuwa inapita kushoto. Bunge lao liliamua mwaka 1963 kwamba wahamie kulia, na wakajiandaa kwa miaka minne. Walibadilisha alama za barabarani, walifundisha watu, walitengeneza mabasi yenye milango upande mwingine. Baadhi ya mabasi ya zamani ya miji ya Gothenburg na Malmö yaliuzwa Pakistan na hapa Kenya, kwa kuwa milango yake ilikuwa bado inafaa huku. Usiku wa tarehe 3 Septemba 1967 magari ya watu binafsi yalizuiwa. Yale machache yaliyokuwa barabarani yalisimama, yakavuka polepole kwenda upande mwingine, yakasimama tena, na saa kumi na moja alfajiri yakaondoka. Kwa muda baada ya hapo ajali zilipungua, maana kila mtu alikuwa anaogopa na kuangalia mara mbili. Walipozoea, ajali zikarudi.

Mimi niliposoma hivyo nilimkumbuka mama kwenye basi. Nchi nzima ya watu wenye amani, wenye redio na shule, ilipewa miaka minne kujiandaa. Sisi tulibadilishiwa upande usiku mmoja, tukiwa na njaa, na mtoto mgongoni. Wengi hatukuambiwa hata kwamba kuna kitu kimebadilika. Macho na miguu viliendelea kufanya kazi kama kwetu.

Sasa nirudi kwa watu wa boda, maana nao wana haki ya kusemewa. Neno bodaboda lilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Kati ya ofisi za mpaka za nchi hizo mbili palikuwa na mwendo, na vijana wenye baiskeli wakawa wanabeba watu na mizigo, wakiita "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka. Pikipiki zilikuja baadaye zikachukua jina. Kwa hiyo hii ni kazi iliyozaliwa na watu wa mpakani, watu wa kuvuka, kama sisi wenyewe. Hapa kambini boda ndiyo inayombeba mama mwenye uchungu usiku wakati hakuna gari lingine.

Tulipoitisha mkutano baada ya ajali ile, mzee mmoja alipendekeza boda zipigwe marufuku kambini. Warundi walikataa kabla hajamaliza. Walikumbusha kwamba Machi 2022 Bujumbura iliondoa baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya jiji, na aliyeumia ni mtu wa chini, yule wa kutembea kwa mguu na mwenye kula kwa ile pikipiki. Watu wa boda nao wakatoa yao: watoto wanacheza mpira barabarani, mbuzi hawana mwenyewe, watu wazima wanavuka na simu sikioni, na magari ya mashirika yanapita kasi mpaka vumbi linafunika kila kitu. Sisi tukasema: sheria ya Kenya inataka abiria mmoja tu na helmeti, mbona mnabeba watatu bila hata moja? Mmoja akajibu bila kuficha, "Ndugu yangu, abiria watatu ndio chakula cha watoto." Hapo wote tukanyamaza kidogo.

Simaanishi kwamba historia inamsamehe mtu wa kukimbiza pikipiki kati ya watoto. Upande wowote utakaopita, mwendo kasi unaua. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, zaidi ya nusu wakiwa watu wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Kwa watu wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua kuliko barabara. Hao ndio watoto na vijana ninaofanya nao kazi kila siku.

Ninachoomba ni kidogo. Ndugu zetu wa mashirika, mnapompokea mtu mpya mnamweleza maji yako wapi na chakula kinagawiwa lini. Ongezeni sentensi moja, kwa lugha yake: huku magari hutokea kulia kwanza. Na madereva wenu wapunguze mwendo wakiona watu. Watu wa boda, mkiona mtu amesimama ukingoni anaangalia kushoto, msiseme amewaona. Pigeni honi, shikeni breki. Na sisi wengine, kabla ya kumtukana mtu barabarani, tujiulize alijifunzia wapi kuvuka.

Kijana wetu sasa anatembea, ingawa mpira bado. Jumamosi anakuja uwanjani kunisaidia na watoto wapya. Anawapeleka ukingoni mwa barabara, anagusa kwanza mkono wake wa kulia, ndipo anageuza kichwa. Watoto wanamcheka, halafu wanafanya hivyo hivyo.