Aligongwa au Waligongana? Baiskeli, Gari na Historia ya Barabara ya Koboko



Somo letu la leo laanza kwa sentensi mbili. Ya kwanza: «Gari na baiskeli viligongana.» Ya pili: «Mwendesha baiskeli aligongwa na gari.» Sentensi hizi zaweza kuandikwa juu ya tukio moja, siku moja, mahali pamoja. Hata hivyo hazisemi jambo moja. Katika ya kwanza, kauli ya kutendana imewagawia wote wawili tendo sawasawa, kana kwamba kilo kumi na tano za chuma na tani mbili za chuma vilikutana vikiwa na nguvu moja. Katika ya pili tunajua nani alitenda na nani alitendwa. Nataka ujue kuwa uchaguzi kati ya viambishi hivi viwili umewahi kuamua nani alipe gharama za hospitali.

Tuyapeleke maneno haya mahali panapojulikana. Abuku ni kata katika wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, karibu na pale ambapo nchi tatu zinakutana: Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Mfikirie mwendesha baiskeli mzoefu wa huko. Simtaji jina, kwa kuwa yeye si mtu mmoja bali ni wengi. Kwa miaka mingi amepeleka muhogo na mkaa sokoni, amewabeba watoto shuleni na wagonjwa zahanati. Anajua kila kona na kila korongo. Sasa amekaa kivulini mbele ya nyumba yake, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, mfupa wa muundi umevunjika. Majirani wanaokuja kumpa pole humwambia: «Ndiyo ajali, ndugu yetu. Ajali haina kinga.»

Methali hiyo ni kongwe, nami siidharau. Lakini ichunguze. Neno «ajali» tumelipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu iliyokwisha kupangwa. Ndiyo maana katika Kiswahili cha kale ajali na mauti vilikaribiana sana. Basi tunapoliita tukio la barabarani «ajali», twalitia ndani ya majaliwa bila kukusudia, na majaliwa hayashtakiwi polisi. Jambo la kuchekesha ni kwamba katika sehemu za Kongo «kinga» ni jina la baiskeli. Huko, msemo wetu ungeweza kusikika kama malalamiko ya mtu aliyepoteza chombo chake!

Je, binadamu walianza lini kugongwa na magari? Historia inatupa tarehe. Tarehe 30 Mei 1896, katika jiji la New York, Henry Wells alikuwa akiendesha gari la Duryea. Alimgonga mwendesha baiskeli aitwaye Evylyn Thomas. Mwanamke huyo alivunjika mguu akapelekwa hospitali. Dereva alilala mahabusu usiku ule. Tukio hilo huhesabiwa miongoni mwa migongano ya kwanza ya magari iliyoandikwa nchini Marekani. Miezi michache baadaye, Agosti 1896, Bridget Driscoll aliuawa na gari jijini London alipokuwa akienda kwa miguu. Uamuzi uliotolewa ulikuwa kwamba kifo kile kilitokana na ajali. Linganisha matukio haya mawili. Tangu mwanzo kabisa, jamii ilikuwa na njia mbili za kulitazama jambo hili: kumwuliza dereva, au kulikabidhi kwa bahati.

Mwaka ule wa 1896, Abuku haikuwa na gari wala baiskeli, na hata mipaka ya nchi haikuwa ilivyo leo. Eneo lile lilihesabiwa katika Lado, ambayo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitawala hadi kifo chake mwaka 1909. Mwaka 1910 likaingia chini ya utawala wa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda, Arua ikawa makao ya wilaya ya West Nile. Kumbuka jambo hili: katika muda usiozidi miaka mitano, mkulima mmoja aliweza kuwa chini ya serikali tatu bila kuhama shambani kwake.

Baiskeli ilipofika, iliingia katika maisha ya watu upesi kuliko gari. Vijana wengi wa West Nile walikwenda kusini kufanya kazi katika mashamba ya miwa au kuingia jeshini, na baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotamaniwa na mtu aliyerudi na mshahara. Ilibeba tumbaku na muhogo, ikabeba bibi harusi, ikabeba maiti. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, maelfu kwa maelfu ya watu wa eneo hili walikimbilia Sudan na Zaire. Katika safari ya namna ile, mwenye baiskeli alikuwa na gari la nyumba nzima: godoro, sufuria, mtoto na mgonjwa. Kwa hiyo usiione baiskeli ya mkulima kama mchezo. Ni mali, ni miguu, na wakati mwingine ni uhai.

Uganda imelipa ulimwengu neno moja la usafiri, nalo limetokana na baiskeli. Katika miaka ya 1960, huko Busia, mpakani na Kenya, vijana walibeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Walinadi safari yao kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili, nalo likalainishwa likawa «bodaboda». Leo ukilisema neno hilo kila mtu hufikiria pikipiki. Baiskeli imesahauliwa ndani ya jina lake yenyewe.

Kisha ikaja lami. Katika muongo wa 2010 barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, ilijengwa upya kwa lami. Hii ni neema, wala asikudanganye mtu. Mgonjwa anafika Arua mapema, na mazao hayaozi njiani. Lakini barabara ya udongo, pamoja na mashimo yake, ilimlazimisha dereva kwenda pole. Lami imeondoa vumbi, imeondoa pia ule upole wa lazima. Tena, Uganda tunaendesha upande wa kushoto, ilhali Kongo na Sudan Kusini huendesha upande wa kulia. Dereva anayevuka mpaka hana budi kubadili mazoea ya mikono yake mara moja. Akisahau kwa sekunde mbili, anayekutana naye huenda ni mtu wa baiskeli.

Sasa waona kwa nini siridhiki na neno «ajali» peke yake. Mwendo ni uamuzi. Upana wa bega la barabara ni uamuzi. Kuendesha usiku bila taa ni uamuzi pia, na hapo mwendesha baiskeli naye ana la kujibu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani duniani kote, na zaidi ya nusu yao ni wale wasio na bati la kuwafunika: waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Idadi kubwa hivyo haiwezi kuwa bahati mbaya tupu.

Sheria za Uganda zinalijua hilo. Tangu mwaka 1989, sheria humtaka mwenye gari awe na bima ya kufidia watu wengine wanaodhurika, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998 humtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame, asaidie majeruhi na atoe taarifa polisi. Haki hizi, hata hivyo, hazitembei zenyewe hadi Abuku. Huhitaji mtu aliyeandika namba ya gari, shahidi aliyekubali kusema alichokiona, na taarifa iliyoandikwa kwa maneno sahihi. Raia anayejua tofauti ya «aligongwa» na «waligongana» atasoma taarifa kabla ya kutia sahihi.

Tumrudie mgonjwa wetu. Mfupa wa muundi hauungi kwa wiki mbili, huchukua miezi. Kilimo hakimsubiri, na ada ya shule haijui plasta. Kisha kuna jeraha ambalo eksirei haionyeshi. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyekuwa bingwa wa njia ile sasa husikia lori kwa mbali, na mikono ikatoka jasho kabla hajalipanda baiskeli. Wala si woga huo. Mwili unakumbuka. Atajifunza upya kama mtoto: kwanza kuitembeza baiskeli uani, kisha kwenda hadi kwa jirani, kisha njia ndogo, na mwisho barabara kuu. Mwenye kumcheka hajui kupona ni kazi.

Nawe, mwanafunzi, unayo sehemu yako katika kupona huko. Ukimtembelea, mpe pole, ulete maji na kuni, kisha umwulize: «Ilikuwaje?» Usiimalize habari yake kwa methali kabla hajaisimulia. Ni mwenyewe aliyekuwapo, nasi tuna deni la kumsikiliza.

Zoezi: Andika aya moja juu ya tukio la barabarani ulilolishuhudia bila kutumia neno «ajali». Taja nani alitenda nini, kwa mwendo gani, upande gani, saa ngapi. Ukimaliza, soma tena aya yako ujiulize kama mtu wa Abuku angeweza kuipeleka polisi.