Mboga za Lemara: Historia ya Matuta na Maji

Kabla Lemara haijawa kata ya Jiji la Arusha, chakula kiliteremka kutoka juu. Waarusha waliohamia miteremko ya Mlima Meru miaka ya 1830 walichimba mifereji, wakastawisha migomba, mahindi na maharage, na kina mama wakabadilishana mazao na Wamaasai wa nyanda za chini kwa mifugo na ngozi. Wajerumani wakajenga boma mwaka 1900. Reli ikafika kutoka Moshi mwaka 1929. Mji ukajaa watu wasio na shamba, wanaonunua hata mboga ya jioni, na kadiri ulivyopanuka kusini, kingo za Mto Themi pale Lemara, penye matuta ya mboga, zikajikuta ndani yake.

Kinachoyaweka matuta karibu na mji ni mchicha wenyewe. Kitunguu cha Mang'ola hutiwa guniani kikasafiri siku kadhaa. Nyanya za Ngabobo huvumilia kreti na barabara. Mchicha hausubiri: ukivunwa alfajiri, adhuhuri umenyauka. Ndiyo maana hung'olewa na mizizi yake, ukasuuzwa udongo, ukafungwa mafungu kwa kamba za mgomba, mizizi yote upande mmoja, kisha ukafunikwa gunia lililoloweshwa na kupakiwa kwenye bodaboda kwenda soko la Kilombero. Mama wa genge huendelea kuunyunyizia maji kwa kiganja mpaka uishe. Katika safari hiyo hakuna jokofu. Kinachookoa mboga ni ukaribu wa shamba.

Mwaka 1992 tawi la kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga lilianzishwa Tengeru, likaipa heshima mboga ya nyumbani: mnafu, figiri, ngogwe. Mbegu bora zikapatikana. Maji ndiyo yaliyobaki kuwa shida.

Kwa miaka mingi majitaka ya mji yalisafishwa katika mabwawa ya Lemara, na Themi wenyewe hupita katikati ya jiji kabla ya kufika kwa mkulima. Maji hayo yana rutuba, na kiangazi hayakauki. Yana pia mayai ya minyoo na vijidudu vya homa ya matumbo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ikazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na hapo ndipo penye unyevu ambapo matuta hustawi. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, uliozinduliwa 2021, ukajumuisha mabwawa mapya ya majitaka kule Terrat.

Lakini kumfukuza mkulima kwa sheria ile ya mita 60 hakusafishi mto. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kwa maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi: wastani wa mayai ya minyoo usizidi moja kwa lita. Mkulima naye anaweza kumwagilia shinani badala ya juu ya majani, na kusitisha maji machafu siku chache kabla ya kuvuna. Mnunuzi aoshe kwa maji safi yanayotiririka, apike.

Halmashauri ya Jiji, kabla ya kung'oa tuta lolote, pimeni maji ya Themi pale Lemara, msimu wa mvua na wa kiangazi, na majibu yabandikwe sokoni Kilombero tuyasome.