Gari Ni Ile Ile: Kisa cha Namba Moja na Amana ya Fundi

Makala haya yanazungumzia gari, jambo ambalo huenda likamshangaza msomaji aliyezowea kuziona kurasa hizi zikishughulika na vina na mizani. Namwomba anivumilie. Gari nitakayoieleza ina umri unaokaribia miaka mia moja, ilishinda mashindano makubwa, ikavunjika, ikaundwa upya zaidi ya mara moja, kisha ikapelekwa mahakamani ili ijulikane kama ni yenyewe au ni nyengine iliyovaa jina lake. Swali lililoulizwa pale ndilo ambalo sisi tunaonakili, tunaotafsiri na tunaohifadhi mashairi ya wazee wetu hujiuliza kila siku, ingawa si kila siku tunalijibu kwa uaminifu.

Kampuni ya Bentley iliasisiwa Uingereza mwaka 1919. Katika muda wa miaka michache magari yake yalipata sifa katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, ambako gari hukimbizwa mchana kutwa na usiku kucha, madereva wakipokezana. Bentley ilishinda huko mwaka 1924, kisha ikashinda mfululizo kuanzia 1927 hadi 1930. Lakini ushindi haukuwa mtaji. Kampuni ilikuwa na shida ya fedha tangu mwanzo, na aliyeiokoa mwaka 1926 ni kijana tajiri aliyeitwa Woolf Barnato.

Utajiri wa kijana huyu ulichimbwa katika ardhi ya Afrika. Baba yake, Barney Barnato, alizaliwa London katika hali ya unyonge, akaenda Kimberley, Afrika Kusini, katika miaka ya 1870, na huko akatajirika kwa almasi hata akawa mshindani na baadaye mshirika wa Cecil Rhodes katika kuundwa kwa kampuni ya De Beers mwaka 1888. Mwaka 1897 alifariki baharini, baada ya kuanguka kutoka katika meli iliyokuwa ikielekea Uingereza. Mwanawe alikuwa bado mtoto mdogo, mzaliwa wa mwaka 1895. Kwa hivyo, anayestaajabia uzuri wa magari yale na akumbuke pia mikono iliyochimba almasi iliyoyalipia. Majina ya mikono hiyo hayakuandikwa ubavuni mwa gari yoyote.

Barnato hakuwa tajiri wa kukaa kivulini na kutazama. Alikuwa dereva hodari. Aliingia mashindano ya Le Mans mara tatu, na mara zote tatu akashinda: 1928, 1929 na 1930. Mwaka 1929 yeye na mwenzake Tim Birkin waliendesha gari ya aina ya Speed Six, yenye injini ya silinda sita na ujazo wa lita sita na nusu, iliyoandikwa namba 1. Mwaka huo magari ya Bentley yalishika nafasi nne za mwanzo. Mwaka uliofuata Barnato alirudi na gari ile ile, safari hii akiwa na Glen Kidston, akashinda tena mbele ya upinzani mkali wa Mercedes-Benz iliyoendeshwa na Rudolf Caracciola na Christian Werner. Tangu hapo gari hiyo ikajulikana kwa jina la mapenzi ambalo mimi ningelitafsiri kuwa Namba Moja Kongwe.

Sasa tuitazame kwa makini hiyo gari ile ile. Gari ya mashindano haikai kama ilivyotoka kiwandani. Kila baada ya shindano hufunguliwa. Kilicholika hutolewa, kilichopinda hunyooshwa au hubadilishwa, na kila fundi anayepata wazo jipya la kuongeza kasi hulijaribu humo. Kwa hivyo hata gari iliyoshinda mwaka 1930 haikuwa, kipande kwa kipande, ile ya 1929. Mwaka 1931 kampuni ya Bentley ilifilisika na kuchukuliwa na Rolls-Royce, lakini Namba Moja iliendelea kukimbia, na mwaka huo huo ikashinda mashindano ya maili 500 katika uwanja wa Brooklands, Uingereza. Mwaka 1932 ilirudi Brooklands ikiwa na injini kubwa zaidi, ya lita nane. Katika shindano hilo Clive Dunfee, aliyekuwa usukanini, alipitiliza ukingo wa juu wa njia, gari ikaruka nje, naye akafa. Barnato aliamuru gari iundwe upya, safari hii iwe ya kutembelea barabarani, yenye bodi iliyofunikwa. Baadaye ikapita mikononi mwa wamiliki mbalimbali.

Miongo mitano na zaidi ilipita. Magari ya Uingereza yaliyoundwa baina ya 1919 na 1930 yakawa tunu, na bei zake zikapanda kupita kiasi. Mmiliki wa wakati huo, Hubbard, aliikarabati Namba Moja, na mwaka 1990 akakubaliana na kampuni iitwayo Middlebridge Scimitar kuiuza kwa thamani ya pauni milioni 10. Kisha mnunuzi akarudi nyuma. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuijibu: hii siyo gari iliyoshinda Le Mans, kwa sababu karibu kila kitu kilichoshinda Le Mans hakimo tena.

Kesi ilisikilizwa mwaka huo huo katika Mahakama Kuu, London, mbele ya Jaji Otton. Jaji aliichambua gari kama mhakiki anavyouchambua utenzi, akiuliza kila kipande kimetoka wapi na lini. Matokeo yake yanashangaza. Ukiacha vikorokoro visivyoweza kujulikana umri wake, hakuna alichokikuta kutoka katika gari ya 1929. Katika ile ya 1930 aliona vimebaki vitu vitatu: mhimili wa pedeli, ganda la giaboksi na nguzo ya usukani. Chasisi na gamba la injini vilikuwa vya gari ya 1932. Mtu angedhani baada ya hesabu hiyo mnunuzi ameshinda. Hakushinda. Jaji aliamua kwamba gari ile ndiyo Namba Moja na ina haki ya kuitwa hivyo.

Sababu yake ni hii. Gari haikupata kufa ikafufuliwa, wala haikupata kukaa vipande vipande gizani hata mtu akaja akaunda nyengine kwa kuifuata. Ilibadilika hatua kwa hatua, na katika kila hatua ilikuwa ikijulikana na wote kuwa ni ile. Historia yake haikukatika. Wala hapakuwa na gari nyengine popote duniani iliyoweza kusimama na kudai jina hilo.

Hapa mfasiri ndani yangu hakuweza kunyamaza. Jaji alitumia maneno kadhaa ya Kiingereza yanayokaribiana, akasema gari haistahiki baadhi yake lakini inastahiki mojawapo. Nilijaribu kuyaweka katika Kiswahili, nikaona lugha yetu imekwisha kulitatua jambo hili zamani, ila hatulitii maanani. Tuna neno halisi na tuna neno asili, na siku hizi tunayachanganya kana kwamba ni pacha. Halisi ni kitu kisichochanganyika, kama asali isiyotiwa maji. Asili ni mzizi, ni shina ambapo kitu kimeanzia. Namba Moja si gari halisi, imechanganyika mno. Lakini ina asili, na mzizi wake haujang'olewa.

Watu wa pwani hawakuhitaji kwenda mahakamani kulijua hilo. Jahazi likipandishwa ufukweni hutolewa mbao zilizooza na kutiwa mpya. Msimu mwengine hubadilishwa mataruma, msimu mwengine foromali, na kila mara hukalafatiwa upya. Mtepe wa mababu zetu, uliokuwa ukishonwa kwa kamba pasi na msumari, ulikuwa ukifumuliwa na kushonwa tena. Baada ya miaka thelathini huenda hakuna ubao wa awali uliosalia, lakini hakuna nahodha aliyelibadilisha chombo jina kwa sababu hiyo. Beit el Ajaib yetu, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilipigwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896 katika vita visivyofika saa nzima. Mnara wa saa tuliouzowea usoni pake haukuwapo pale kabla ya vita hivyo. Ni matunda ya matengenezo yaliyofuata. Hata hivyo sehemu ya jengo ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na mnara ule ukaanguka pamoja nayo, sikumsikia mtu akisema kilichoanguka kilikuwa kiraka. Tuliulilia mnara kwa kuwa ulikuwa umeshakuwa sehemu ya uso tunaoujua.

Hali kadhalika mashairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Tungo zake nyingi tunazozisoma leo zilikusanywa miongo kadhaa baada ya kifo chake na Mwalimu Sikujua, aliyeshirikiana na Mwingereza W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Baina ya kinywa cha Muyaka na jicho letu pana vinywa vingi na kalamu nyingi. Je, ni Muyaka halisi? Siwezi kuapa. Je, ni Muyaka? Ndiyo.

Ningeweza kuishia hapa kwa furaha, nikiwa na jaji upande wangu. Lakini pana jambo linalonikera, na ndilo lililonifanya niiandike makala hii.

Miaka mingi iliyopita bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu aliniletea daftari la marehemu baba yake, lenye mashairi kwa khati za Kiarabu. Mchwa walikuwa wamelitafuna. "Nitengenezee, mwanangu," aliniambia, "lisomeke, nami nilisikie kabla sijafa." Nililinakili lote. Katika shairi moja palikosekana vipande vitano. Vina nilivijua na mizani niliijua. Nikavitunga mwenyewe, nikavitia mahali pake, nikamsomea. Alilia. Alilia khasa pale penye maneno yangu, akasema hiyo ndiyo sauti ya baba. Sikumwambia kitu. Nilijiambia kuwa nimemfanyia ihsani.

Bi mkubwa akafariki. Siku ya hitma yake mjukuu alisimama akalighani lile shairi, na kipande alichokirudia mara mbili, akisema haya ndiyo maneno ya babu tuyashike, kilikuwa changu. Hapo nilifahamu tofauti baina yangu na mafundi wa Namba Moja. Wao waliibadilisha gari mbele ya macho ya watu. Injini ya lita nane haikujifanya kuwa ya lita sita na nusu. Ndiyo maana jaji aliweza kuzihesabu hatua zote na kukuta mlolongo haujakatika. Mimi nilikuwa nimekata pete moja ya mnyororo kisha nikaificha kwa ustadi.

Siku hizi walezi wa magari ya kale wana kanuni. Shirikisho lao la kimataifa, FIVA, liliidhinisha mwaka 2012 Mkataba wa Turin, unaopendelea kuhifadhi kuliko kuunda upya, na unaotaka kila badiliko liandikwe. Wapo hata wanaokataa kugusa. Bugatti moja iliyotupwa katika Ziwa Maggiore miaka ya 1930 ilitolewa majini mwaka 2009, ikauzwa Paris mwaka 2010 kwa yuro 260,500, na jumba la makumbusho la California lililoinunua likaionyesha hivyo hivyo, na kutu yake na matundu yake. Sisemi kila daftari liachwe na matundu. Mwenye mali alitaka lisomeke, na haki yake ni kubwa. Lakini fundi ana wenye haki watatu: aliyekiunda chombo, anayekimiliki leo, na atakayekirithi kesho. Nilimtii wa kati, nikawadhulumu wawili.

Mwaka jana nilikwenda kwa yule mjukuu, ambaye sasa naye ana wajukuu. Nilimwonyesha vipande vitano. Alinyamaza kitambo, kisha akaniletea daftari na penseli. Hakutaka nivifute. "Vimeshakuwa vya kwetu, mzee wangu," alisema. "Lakini andika pembeni ni vya nani." Nikaandika.

Chombo kikitiwa mbao, jina huwa lile lile,
Wazee wakijuao, hukitaja tangu kale,
Ila fundi wapitao, waseme pasi kelele,
Ubao upi ni wao, na upi wa watu wale.